Hospitali Zikishirikiana, Mgonjwa Hupona



Nimetakiwa niseme machache juu ya ushirika wa hospitali, nami nimekubali upesi, maana sisi wa Sekenke tu watu wa mpakani. Nyuma yetu ni Kiomboi na Singida. Mbele, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, ni Igunga katika Mkoa wa Tabora. Ugonjwa hauujui mpaka huo. Makaratasi ya hospitali huujua sana.

Mfano ulio bora u karibu. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilishirikiana na Hospitali ya Chuo Kikuu ya Stavanger, Norway, kuchunguza vifo vya watoto wazaliwao bila kuvuta pumzi. Mtoto huyo hana budi kusaidiwa kupumua katika dakika yake ya kwanza; na mafunzo ya mara moja hayatoshi, kwani mikono husahau. Yafaa mkunga afanye mazoezi mafupi, mara kwa mara, papo hapo wodini, kwa mwanasesere. Utaratibu huo ukapelekwa katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalihusu akina mama wapatao 280,000: vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75 hivi, na vya watoto wachanga katika siku yao ya kwanza kwa asilimia 40 hivi.

Ndugu zangu, Singida haikuwamo. Manyara alikuwamo, Tabora alikuwamo, nasi tu katikati yao! Sioni kwa nini tungoje kuitwa.

Usafiri pia umepata njia. Mpango wa m-mama, ambao Serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022, humwezesha mzazi mwenye hatari kuitiwa gari kwa kupiga 115 bila malipo. Lakini gari humfikisha mtu tu. Barua ya rufaa nayo yataka jibu, ili mganga wa zahanati ajue mgonjwa wake alitibiwa nini na aendelee na dawa ipi.

Basi naiomba Halmashauri, iketipo kugawa ziada ya mwaka huu, itenge nauli ya wakunga watatu, ya kwenda Haydom na kurudi.