Bei Nafuu na Deni Jipya: Kuambizana Kabla ya Kutia Saini



Ndugu wapendwa, viongozi wa vigango na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, akina baba na vijana wetu: mada tuliyopangiwa na Tume ya Haki na Amani ina sehemu mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazifanani. Ya kwanza ni desturi ya kuambizana mahali panapouzwa vitu kwa bei nafuu. Ya pili ni uamuzi wa kuchukua mkopo mpya ili kulipa mkopo wa zamani, hasa pale ambapo nyumba au shamba limewekwa rehani. Tunaziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinadai jambo moja, nalo ni kujua bei halisi ya kitu kabla ya kukikubali. Mkopo nao ni bidhaa. Una bei yake, na muuzaji wake hupenda bei hiyo isionekane sana.

Tuanze na lililo jepesi. Mama anayetoka sokoni na kumwambia jirani yake kwamba duka fulani limeshusha bei ya sukari au ya daftari za shule anatenda tendo la upendo, ingawa pengine mwenyewe haliiti hivyo. Yule mwanamke wa Injili ya Luka alipoipata sarafu yake iliyopotea hakuificha furaha yake. Aliwaita rafiki na majirani. Sisi mara nyingine hufanya kinyume. Tunapopata nafuu tunanyamaza, tukiogopa kwamba wengine wakijua bidhaa itakwisha. Kumbe jumuiya yenye kaya kumi na tano ikikubaliana kununua saruji kwa pamoja, ina nguvu ya kuzungumza na mwenye duka ambayo mtu mmoja mwenye mifuko miwili hana. Tangu mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha saruji kinafanya kazi Mtwara, na gharama ya kuisafirisha hadi Masasi au kuipandisha Newala hupungua kwa kila mfuko pale gari linapojaa.

Lakini anayemwambia mwenzake habari ya bei ana wajibu wa kusema ukweli wote. Tuseme bati limepungua bei. Je, ni bati la geji gani? Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na tofauti hiyo haionekani siku ya kununua, huonekana baada ya masika machache. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tunaongeza kwamba kitu usichokihitaji hakiwi nafuu hata kikipunguzwa bei mara tatu, na kwamba bidhaa inayotolewa kwa malipo kidogo kidogo haifai kupimwa kwa kiasi cha wiki moja. Ipimwe kwa jumla yake.

Hapa Lisekese na kote kwenye nchi ya korosho, somo la bei tumelipata kwa uchungu. Kwa miaka mingi mkulima aliuza peke yake, mlangoni pake, kwa mnunuzi aliyejua bei ya dunia huku yeye haijui. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008 baada ya sheria ya mwaka 2005, ulikuja kurekebisha hali hiyo. Korosho hukusanywa katika chama cha msingi, hupelekwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, na bei hutangazwa mbele ya watu. Mfumo huu una kasoro zake. Malipo yakichelewa, makato yakiwa mengi, mkulima hulalamika, na ana haki ya kulalamika na ya kuomba hesabu katika mkutano wa chama chake. Hata hivyo bei inayotajwa hadharani ni jambo kubwa. Ni kuambizana kulikowekwa katika sheria.

Adui wa bei hiyo ya hadharani ni kangomba, nasi tunapenda kuitazama kwa makini, kwa kuwa ndani yake bei na deni vimefungwa kamba moja. Chukueni mfano. Mwezi wa pili ghala la nyumbani ni tupu, mtoto anadaiwa sare. Anakuja mtu mpole mwenye fedha mkononi na kutoa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kilo 100 za korosho msimu ukifika. Hakuna neno riba lililotamkwa. Hakuna karatasi. Sasa tukumbuke kwamba mwezi Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo ya daraja la kwanza. Kwa bei hiyo, kilo 100 ni shilingi 330,000. Aliyepokea 100,000 amelipa nyongeza ya 230,000 kwa muda wa miezi minane au tisa. Benki gani ingethubutu kuandika riba kama hiyo ukutani? Tena mkopeshaji huyo huitwa msaidizi, na mara nyingi ni mwenzetu wa karibu, labda anaketi benchi moja nasi siku ya Dominika. Tunalisema bila kumtaja mtu, na bila kuwasahau wale ambao siku ile ya mwezi wa pili hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Sura ya tano ya Kitabu cha Nehemia inaeleza watu waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowadai walikuwa ndugu zao wa taifa moja. Nehemia hakuwahubiria wadaiwa uvumilivu. Aliitisha mkutano, akawakemea wakopeshaji mbele ya watu wote, akawataka warudishe mashamba. Kumbukumbu la Torati linakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana hiyo ni kuchukua uhai wa mtu. Kanisa nalo lilifanya zaidi ya kukataza. Wafransiskani wa Italia walianzisha mifuko ya mikopo kwa maskini, mmojawapo Perugia mwaka 1462, na Mtaguso wa Tano wa Laterani ukakubali mwaka 1515 kwamba mfuko wa namna hiyo waweza kutoza kiasi kidogo cha kugharimia uendeshaji wake. Baba Mtakatifu Benedikto wa 14, mwaka 1745, aliandika dhidi ya kupata faida kwa sababu tu ya kukopesha. SACCOS na VICOBA zetu zimo katika ukoo huo, endapo zitaendeshwa kwa uaminifu.

Sasa tuje kwenye mkopo wa kulipa mkopo. Walimu na watumishi wengine wanajua lugha ya “kununua deni”: benki moja inalipa deni lako kwa benki nyingine, nawe unaanza upya kwake. Ni halali, na wakati mwingine ni busara. Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mtumishi amebakiza deni la shilingi 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi 24, naye hulipa karibu 300,000 kila mwezi. Jumla iliyobaki ni 7,200,000. Benki ya pili inampa asilimia 16 kwa miezi 60. Marejesho yanashuka hadi kama 146,000, chini ya nusu. Anashangilia. Lakini 146,000 mara 60 ni 8,760,000. Riba imeshuka, marejesho yameshuka, na deni limepanda kwa zaidi ya milioni moja na nusu, bado hatujataja ada na bima. Angeichukua riba hiyo ya asilimia 16 kwa miezi ileile 24, angelipa karibu 294,000, na kuokoa kama 144,000 kwa muda wote. Basi ada zikizidi kiasi hicho, hakuna alichopata.

Swali la kuuliza ofisini, kwa hiyo, ni hili: nitakuwa nimelipa shilingi ngapi siku ya mwisho? Likifuatiwa na jingine: riba inahesabiwa juu ya deni linalopungua au juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Mkopo wa 2,000,000 kwa mwaka mmoja, asilimia 3.5 kwa mwezi, huzaa riba ya 840,000 kwa njia ya pili, na takriban 484,000 kwa njia ya kwanza. Tarakimu ni ileile, bei ni mbili tofauti.

Kuna hali ambapo tungemshauri mtu ahamishe deni bila kusita. Aliyenaswa na ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, akipata nafasi ya kuingia katika chama cha akiba chenye riba ya kupungua, na ahamie. Ila ahamie kweli: deni la zamani lifungwe, apewe barua ya kumaliza deni na hati yake irudishwe, asijikute na wadai wawili. Na asiongeze juu yake fedha ya sherehe ya unyago au ya simu mpya. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Nyumba ya familia ikiwa ndiyo dhamana, mwenye kuamua si mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Ridhaa maana yake si kidole cha mke kilichochovywa wino jioni bila maelezo. Akina mama, karatasi msiyosomewa msiitie sahihi. Aidha mdaiwa anayeshindwa kulipa ana haki ya kupewa notisi, na baada ya marekebisho ya mwaka 2008 ni siku 60 kabla mdai hajachukua hatua ya kuuza. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza na mdai na kutafuta msaada wa kisheria. Wengi hujificha hadi dalali anapogonga mlango.

Tunapendekeza kila jumuiya iteue watu wawili wanaojua hesabu na kutunza siri, ambao mwenye kukusudia mkopo atawapelekea karatasi zake kabla ya kutia sahihi. Wasimwamulie. Wamkokotolee jumla, wamsomee masharti kwa lugha anayoielewa, wamrudishie karatasi. Wakati wa kuanza ni sasa, kabla ya miezi ya njaa, maana wanunuzi wa kangomba hawangoji.

Tuna karatasi za mfano wa hesabu pale mezani, kila kigango kichukue mbili. Na sasa tupokee maswali, tukianza na akina mama.