Kiwanja cha Maskini, Mombasa 1947

Leo hatutazungumza habari za mbuzi wala za mkopo. Kikundi kimoja kilituuliza: kiongozi wa serikali akisema "rudini nyumbani, tutashughulikia", tufanyeje? Basi tusikie ya Mombasa.

Mwaka 1939 makuli wa bandari waligoma. Serikali ya kikoloni ikaunda Tume ya Willan, nayo ikaona wazi jinsi nyumba za wafanyakazi zilivyokuwa mbovu. Ripoti ikaandikwa. Halafu? Vita vikaja, bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. (Sisi tuliopita maofisini tunazijua ripoti za namna hiyo.)

Tarehe 13 Januari 1947 watu kama 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Walikuwa wakikutana Kiwanja cha Maskini. Jina lenyewe si linajieleza?

Mgomo ulikaa siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alishuka Mombasa akawasihi warudi kazini, madai yao yasikilizwe na baraza la usuluhishi. Wakarudi. Wengine humlaumu Mathu. Sisi hatumlaumu haraka hivyo, maana baraza lilikaa kweli chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa.

Lakini tazameni upande wa pili. Chama kilichozaliwa katika mgomo ule kiliongozwa na Chege Kibachia. Agosti 1947, mwaka ule ule, serikali ilimkamata ikampeleka Kabarnet, mbali kabisa na bandari, akazuiliwa huko miaka mingi. Mkono mmoja ulitoa shilingi, wa pili ukaondoa msemaji, na chama kikafifia.

Machi 1955, katikati ya hali ya hatari, makuli waligoma tena. Safari hii Tom Mboya wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi ndiye aliyekwenda kuwasemea. Walipata nyongeza ya asilimia 33.

Haya, tugawanyike makundi matatu. Katibu wa kila kundi aandike: kuhusu ule mradi wetu wa maji, nani alituahidi nini, mbele ya nani, na tarehe gani. Na akina mama wasiachiwe kupika chai tu, nao waseme.