Mjane Aliyewajibu Wanavyuoni



Mada niliyopewa yahusu watetezi wa mwanzo wa wanawake katika maandishi ya Ulaya. Nimeona heri nimzungumzie mmoja tu, Christine de Pizan wa Ufaransa, kwa kuwa maisha yake yanagusa ofisi na darasa, mahali tufanyapo kazi sisi sote.

Christine alizaliwa Venice, Italia, yapata mwaka 1364. Baba yake, tabibu na mnajimu, aliitwa Paris kumtumikia Mfalme Charles wa Tano. Binti akakulia huko, na alipofika umri wa miaka 15 hivi akaolewa na Etienne du Castel, karani wa mfalme. Kwenye mwaka 1390 mumewe alifariki ghafula kwa maradhi. Baba naye alikwisha kufa. Mjane huyo wa miaka 25 akabaki na watoto watatu, mama yake na mpwa wa kumlea.

Ndugu zangu, hapo ndipo alipoijua ofisi. Alipokwenda kudai haki za marehemu alizungushwa mlango kwa mlango, akangojea katika kumbi za baridi, akadhihakiwa na watu. Kesi zake zilichukua zaidi ya miaka 10. Ili kuilisha jamaa yake alishika kalamu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Ulaya walioishi kwa kuandika.

Zama zile wasomi wa Ufaransa walilitukuza shairi refu liitwalo Roman de la Rose, lililomalizwa na Jean de Meun katika karne ya 13. Ndani yake wanawake wanasemwa kuwa ni wadanganyifu. Mwaka 1401 Jean de Montreuil, katibu wa mfalme, alilisifu kwa maandishi, na Christine akampinga. Katibu mwingine, Gontier Col, alimtaka ajirudi. Hakujirudi. Mwaka 1402 alizikusanya barua za mabishano hayo akampelekea Malkia Isabeau. Jean Gerson, mmoja wa wakuu wa Chuo Kikuu cha Paris, naye alilishutumu shairi hilo.

Hoja za Christine zilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibu. Vitabu hivyo, aliuliza, vimeandikwa na nani? Na wanaume. Lau wangeviandika wanawake, habari ingekuwa nyingine. Wingi wa vitabu basi hauwi ushahidi, maadam mwandishi mmoja humfuata mwenziwe. Tena, ikiwa mwanamke ni mwepesi wa kuhadaika kama isemwavyo, yanini kumtegea mitego mingi hivyo?

Mwaka 1405 alitunga Kitabu cha Mji wa Mabibi. Humo anatokewa na mabibi watatu, Akili, Unyofu na Haki, nao wanamwagiza ajenge mji ambao mawe yake ni habari za wanawake hodari na wema. Kuhusu elimu anaeleza kwamba, kama ingekuwa desturi kuwapeleka mabinti shule na kuwafundisha kama wavulana, wangeelewa sawasawa. Anamtaja Novella wa Bologna, ambaye, kwa maelezo yake, alifundisha sheria mahali pa baba yake huku amefichwa na pazia ili uzuri wake usiwashughulishe wanafunzi.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Christine hakudai vyeo sawa, na wake wenye waume wakali aliwashauri wavumilie. Shauri hilo sisi hatuna haja ya kulifuata. Lakini dai lake kubwa lingali na nguvu: akili ya mtu isihukumiwe kabla hajafundishwa, wala asihukumiwe kwa maneno ya upande mmoja.

Mwalimu akimkuta msichana yuko nyuma katika hesabu, na aulize kwanza amefundishwa nini, na kwa muda gani, kabla ya kusema hana kichwa cha hesabu. Na mtumishi akimwona mjane mbele ya meza yake, amekuja kuulizia jalada la marehemu, asimwambie arudi kesho ikiwa kazi yaweza kumalizika leo. Makarani waliomzungusha Christine wamesahauliwa majina, lakini mwenendo wao aliuandika, nasi tunausoma baada ya miaka 600.