Tuvue Viatu, Tusivue Haki

Mazungumzo ya redio ya juma hili

Juma hili napenda tuzungumze habari ya ukaguzi katika viwanja vya ndege. Najua wapo watakaosema jambo hili ni la wachache, wenye tiketi na mabegi ya magurudumu. Sivyo. Siku hizi hawapandi ndege mawaziri na wafanyabiashara peke yao. Yumo mgonjwa anayepelekwa India kupasuliwa moyo, yumo hujaji anayekwenda Makka, yumo binti anayekwenda Uarabuni kutafuta kazi za ndani, na yumo mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo. Wote hao wanapita mlango ule ule. Pale mlangoni wanakutana na mtu mwenye sare ambaye, kwa dakika chache, anaweza kuwaamuru wavue, wainue mikono na wafungue kila walichofunga.

Swali langu ni dogo. Madaraka hayo yanaanzia wapi, na yanaishia wapi?

Kwanza tukubaliane kwamba ukaguzi una sababu. Wenye umri wanakumbuka Februari mwaka 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilipotekwa nyara, ikazungushwa Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka ikaishia Stansted, Uingereza. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Bomu lile lilifichwa ndani ya redio kaseti, redio ikatiwa katika sanduku, na sanduku likasafiri bila mwenyewe kuwamo ndegeni. Na Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Walikufa watu 125 kati ya 175 waliokuwamo, akiwamo mpiga picha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin.

Kwa hiyo mimi nikifika pale navua mkanda, natoa sarafu mfukoni, naweka begi langu kwenye mashine bila kunung'unika. Anayepinga ukaguzi wote kabisa hawatakii mema wenzake. Lakini kukubali ukaguzi ni jambo moja, na kukubali kwamba mkaguzi hana mipaka ni jambo jingine. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Tuitazame Marekani, kwa kuwa huko ndiko ugomvi huu umefikishwa mahakamani mara nyingi. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege za nchi hiyo zilitekwa, au watu walijaribu kuziteka, zaidi ya mara mia moja. Januari 1973 serikali yao ikaamuru kila abiria akaguliwe. Sasa, Katiba ya Marekani inakataza serikali kumpekua mtu bila sababu ya haki. Inakuwaje basi mamilioni ya watu wapekuliwe kila siku, hali hakuna anayewatuhumu kwa lolote?

Mwaka huo huo wa 1973 mahakama ya rufani huko magharibi mwa nchi ilijibu, katika kesi ya Davis. Ilisema upekuzi huo unaruhusiwa, lakini kwa masharti. Uwe ni wa kutafuta silaha na mabomu tu. Usizidi kile kinachohitajika kwa kazi hiyo. Na msafiri awe na hiari ya kusema, basi, nimeahirisha safari, akarudi nyumbani. Hayo yalikuwa masharti ya watu wenye busara.

Tazameni yalivyokwenda. Mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba ukishaingia katika ukaguzi huwezi tena kughairi na kuondoka. Kesi yenyewe haikuhusu bomu. Mtu yule alikutwa na dawa za kulevya. Mimi simtetei mwenye dawa za kulevya. Ninachosema ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya bomu umeanza kupitisha mambo mengine, na hiari iliyohesabiwa kuwa kinga ya msafiri imeondolewa.

Halafu ukaja msiba wa Septemba 11, mwaka 2001, na baada yake ukaguzi ukachukuliwa na idara mpya ya serikali. Desemba mwaka huo mtu mmoja alijaribu kulipua viatu vyake ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami. Kuanzia mwaka 2006 abiria wote wa Marekani wakaamriwa kuvua viatu. Amri hiyo ikadumu miaka 19, mpaka Julai 2025 ilipofutwa. Kosa la mtu mmoja liliwavua viatu watu wa taifa zima kwa muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kumaliza sekondari. Funzo lake ni kwamba amri ya dharura huja kwa siku moja, lakini kuondoka huchukua kizazi.

Viatu, hata hivyo, ni jambo dogo. Jambo kubwa ni orodha.

Marekani ina orodha ya watu wasioruhusiwa kupanda ndege. Januari 2005 mwanamke wa Malaysia, Rahinah Ibrahim, aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stanford, alifika uwanja wa San Francisco na binti yake. Alikuwa akitumia kiti cha magurudumu. Jina lake likakutwa katika orodha. Akafungwa pingu, akawekwa mahabusu saa kadhaa, kisha akaachiwa akaondoka kesho yake. Baadaye viza yake ikafutwa, asiweze kurudi.

Alishtaki mwaka 2006. Serikali ikasema haya ni mambo ya siri ya taifa. Kesi ikaenda ikirudi mpaka Januari 2014, jaji alipotoa hukumu na ukweli ukajulikana. Askari wa upelelezi alikuwa amejaza fomu vibaya. Alitia alama mahali pasipostahili. Ndiyo hiyo siri ya taifa, ndugu wasikilizaji. Mwanamke asiye na hatia alihangaika miaka tisa kwa sababu ya alama katika karatasi, na muda wote huo hakuna aliyekuwa tayari kumwambia amekosa nini.

Wapo watu wenye msemo wao: kama huna la kuficha, unaogopa nini? Nawauliza, huyu mama alikuwa na nini cha kuficha? Asiye na hatia ndiye anayeumia zaidi, maana mwenye hatia anajua alichokifanya. Asiye na hatia hajui hata ajitetee kwa lipi.

Wengine husema kusafiri kwa ndege ni hiari, asiyetaka kukaguliwa apande basi. Hilo ni jibu la mtu mwenye pa kupanda basi. Mgonjwa wa moyo atakwenda India kwa basi gani? Kwa watu wengi ndege ni njia pekee, na njia ikiwa pekee, neno hiari limepoteza maana yake.

Na wapo wanaosema afadhali tupoteze haki kidogo tupate usalama. Biashara hiyo ningeielewa kama mzigo ungekuwa unafika. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani walijaribu kupita viwanjani na silaha na mabomu ya bandia mara 70. Walifaulu kupita mara 67. Mkuu wa idara ile akaondolewa kwenye kiti. Huyo ni mkaguzi aliyekuwa akiwavua vikongwe viatu na kuwanyang'anya akina mama chupa za maji. Abiria wamelipa kwa heshima yao, na walichonunua hawakukabidhiwa.

Upande mwingine, tazameni faida ya watu wanaolalamika. Katika miaka ya 2009 na 2010 Marekani ilieneza mashine zilizoonyesha mwili wa abiria chini ya nguo. Watu wakapiga kelele, wakaenda mahakamani. Mwaka 2011 mahakama ikasema idara ilipaswa kwanza kuwasikiliza wananchi. Bunge likaingilia, na kufikia katikati ya mwaka 2013 mashine ambazo hazikuweza kuficha maumbile ya watu zilikwisha kuondolewa. Zilizobaki huonyesha mchoro tu wa mtu, mmoja kwa wote, wenye alama mahali pa kutazamwa. Mbona ndege hazikuanza kuanguka? Heshima ya abiria ilirudishwa, na usalama haukupungua. Kumbe viwili hivyo vinaweza kukaa nyumba moja.

Sasa tusogee karibu na kwetu. Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupitia Doha. Oktoba 2020, katika uwanja wa ndege wa huko, mtoto mchanga alikutwa ametupwa chooni akiwa hai. Maofisa wakawateremsha wanawake kutoka katika ndege zilizokuwa tayari kuondoka, wakapelekwa nje, na baadhi yao wakachunguzwa sehemu zao za siri ili ijulikane nani amejifungua. Hawakuombwa ridhaa wala hawakuelezwa sababu. Serikali ya Qatar baadaye ilitamka masikitiko yake, na wanawake kadhaa wa Australia wakaenda mahakamani kwao. Walioteremshwa hawakutafutiwa silaha wala bomu. Ila madaraka yalikuwapo, watu wenye sare walikuwapo, na ilikuwa imezoeleka kwamba abiria haulizi.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Tumezoea kusema mwenye nguvu mpishe. Lakini ukimpisha leo mlangoni, kesho atakukuta sebuleni.

Je, sisi tuna kinga gani? Tunayo, na wengi hatujaisoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Kisha inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Wenzetu wa Kenya wanalo jambo kama hilo katika ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010. Nayo ibara ya 30 ya Katiba yetu inakiri kwamba haki zina mipaka kwa ajili ya usalama wa wote. Kwa hiyo ukaguzi si haramu. Lakini shikeni maneno yale matatu: hali, namna na kiasi.

Hali maana yake ni sababu. Ukaguzi wa uwanja wa ndege ni wa kulinda ndege. Mkaguzi anayehesabu fedha katika pochi ya mama na kumuuliza amezipata wapi, au anayesoma barua za watu, amekwisha kutoka katika kazi hiyo. Akiwa na shaka ya kosa jingine, amwite polisi, na polisi afuate sheria yake.

Namna maana yake ni adabu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Anayetakiwa kuvua zaidi ya koti na viatu apewe chumba, na awepo shahidi. Mwenye mguu wa bandia, mwenye mfuko wa mkojo, bibi mwenye ushungi, wote waelezwe kwanza kabla ya kuguswa. Hilo halihitaji mashine ya fedha nyingi. Linahitaji mkaguzi aliyefundishwa kusema tafadhali.

Kiasi maana yake ni mpaka na mahali pa kulalamika. Kila mkaguzi avae namba inayosomeka. Anayezuiwa kusafiri aandikiwe sababu siku ile ile, aambiwe apeleke malalamiko wapi na atajibiwa lini. Na picha za nyuso na alama za vidole zinazochukuliwa viwanjani zisikae bila mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizo zisiishie kabatini.

Yote hayo hayamsaidii mteka nyara hata kidogo. Mteka nyara hajali kama mkaguzi ana namba kifuani. Yanamsaidia raia, na yanamsaidia hata mkaguzi mwenyewe, maana mkaguzi mwema anayefuata utaratibu hana haja ya kuogopa mlalamikaji.

Machi 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilimruhusu raia wa nchi hiyo aliyezaliwa Eritrea, Yonas Fikre, aendelee na kesi yake juu ya orodha ile. Serikali ilikuwa imelifuta jina lake mwaka 2016, ikasema kesi imekwisha. Majaji wakasema kufuta jina hakutoshi, lazima serikali ionyeshe kwamba haitarudia. Mtu mmoja, mwenye asili ya bara hili, aliuliza swali na hakunyamaza mpaka akajibiwa.

Basi nanyi mkifika uwanjani, kagulieni kwa utulivu, msimtukane mtu. Lakini likitendeka lisilostahili, soma namba, andika saa, peleka barua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii huwa unajengwa juu yetu.