Afya na Kazi za Mikono Shuleni

Jioni hii twapenda kunena nanyi wazazi wa Isevya, na hasa ninyi wajumbe wa bodi za shule.

Zamani za misafara kijana wa Unyamwezi alijifunza kazi yake njiani, mzigo begani. Leo kazi hufunzwa shuleni: sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari.

Basi huulizwa: fedha hizi chache tuzitie katika karakana, au katika afya ya wanafunzi? Sisi twaona hayo si mambo mawili. Mwenye homa hashiki randa. Mwaka 2022 watoto wadogo walipopimwa nchini, katika mkoa wa Tabora 23 kwa kila 100 walionekana na malaria. Watoto hao ndio wanaoingia madarasani sasa.

Kwa hiyo yafaa kuanza na yasiyo na gharama kubwa. Madimbwi ya uwanjani yafukiwe. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoenezwa nchini kwa wasichana tangu mwaka 2018, hutolewa bure; kazi ya bodi ni kuwaeleza wazazi mapema, maana hofu huzaliwa na kutojua. Fedha zitakazobaki zinunue mizinga: asali ya Tabora ina sifa, na Chuo cha Nyuki ki papa hapa mjini.

Mkutano wa wazazi ukiitwa, nendeni. Ulizeni haya mawili: mtoto akiugua darasani hupelekwa wapi, na akimaliza shule, mkono wake utakuwa unajua nini? Kwaherini.