Mbuzi Anapobadili Manyoya

Msikilizaji, leo tuko Mongolia, kwa mbuzi wa kashmiri. Mbuzi huyu ana manyoya ya tabaka mbili: nywele ngumu juu, na chini yake sufu laini isiyozidi mikroni 19 kwa unene. Sufu hiyo huota siku zinapofupika, na majira ya machipuko hupukutika.

Nani humwambia wakati umefika? Wengi watasema joto. La hasha, ni mwanga. Usiku, tezi ya pineali, iliyo ndani ya ubongo, humwaga melatonini kwenye damu. Usiku ukirefuka, homoni hiyo hukaa saa nyingi. Ukifupika, saa chache. Siku zikirefuka na melatonini ikipungua, homoni nyingine, prolaktini, hupanda. Ndiyo hiyohiyo ya maziwa, na hata beberu anayo! Vishina vya manyoya vilivyolala huamka, na sufu ya zamani huachia ngozi. Watafiti walipoizuia prolaktini kwa dawa ya bromokriptini, mbuzi walichelewa kupukutisha.

Mfugaji huiwahi sufu hiyo kabla haijapukutika, kwa chanuo lenye meno marefu yaliyopinda nchani, mbuzi kamlaza ubavu. Akizembea, sufu hubaki vichakani.