Mji Mmoja, Picha Mbili: Kuusoma Mji wa Unguja wa Jana na wa Leo



Kwanza nawashukuru waandalizi wa maadhimisho haya kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Nimekuja kama jirani, na ujirani katika Mji Mkongwe si jambo dogo. Nyumba zetu zimeegemeana kuta, na moshi wa jiko la huyu huingia dirishani mwa yule. Nimeombwa nizungumze juu ya picha za zamani na za sasa za mji wetu. Nitajitahidi kueleza yale ambayo picha hizo zinatufundisha, yale zinayotuficha, na kazi inayotungoja sisi tuliobaki nazo mikononi.

Watu wengi wanapowekewa picha mbili za mahali pamoja, moja kuukuu na moja ya juzi, hutoa hukumu papo hapo. Huyu husema, "Lo, mji ulikuwa mzuri, umeharibika." Yule husema, "Tumeendelea, tazama barabara." Hukumu zote mbili huja kabla ya kutazama. Picha haitaki kuhukumiwa upesi. Inataka kusomwa kama barua, mstari kwa mstari, hadi pembeni mwa karatasi.

Tuanze na jengo ambalo kila mmoja wetu analijua, Beit al-Ajaib. Jumba hili lilijengwa 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash. Ukiletewa picha ya pwani ya Forodhani isiyo na tarehe, tazama kwanza mnara. Ukiona mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha hiyo imepigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoupiga mji kwa mizinga katika vita visivyofika saa moja. Mnara ule uliharibika, na jumba jirani la Beit al-Hukm likabomoka. Ukiona mnara wa saa umeunganishwa na uso wa jumba lenyewe, basi picha ni ya 1897 au baada yake. Na ukiona uso wa jumba una pengo pale mnara wa saa ulipokuwa, hiyo ni picha ya baada ya tarehe 25 Disemba 2020, jengo lilipoporomoka likiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha yao. Mnara tu unatosha kutuambia tumo katika zama gani kati ya hizo tatu.

Sasa inueni macho mtazame mapaa. Katika picha za kale zilizopigwa kutoka baharini, nyumba nyingi za mawe zina mapaa bapa, na mji mzima unaonekana kama masanduku meupe yaliyopangwa ufukweni. Katika picha za baadaye mapaa hayo yamefunikwa mabati yaliyoinama. Mtalii anaona kutu tu. Anayeujua mji huu anaona vita kati ya mvua na mawe. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na udongo uliofungwa kwa chokaa, na dari zetu zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti, aghalabu mita 3 hivi, ndio uliopima upana wa vyumba vyetu, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Maji yakiingia ukutani na kukaa humo, chokaa hulegea na boriti huoza. Bati halikuwekwa kwa kukosa ladha. Liliwekwa ili watu walale pakavu.

Hapa ndipo kulinganisha picha kunapoacha kuwa starehe na kuwa kazi ya fundi. Picha ya zamani inaonyesha mlizamu ulitoka upande gani, kibaraza kilikuwa na kimo gani, na ukuta ulipakwa chokaa hadi wapi. Picha ya leo ya nyumba ile ile inaonyesha saruji imepigwa juu ya mawe, tangi la maji limewekwa juu ya paa ambalo halikujengwa kulibeba, na mlizamu umezibwa. Saruji ni nzuri mahali pake, lakini juu ya ukuta wa matumbawe huziba pumzi ya jiwe. Unyevu hushindwa kutoka, nao hula ukuta kwa ndani huku nje kunang'aa. Nyumba nyingi zilizoanguka katika mji wetu hazikuanguka kwa uzee peke yake. Zimeanguka kwa kusahauliwa jinsi zilivyojengwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haizuii maji. Fundi ndiye anayezuia maji, naye fundi anahitaji kuona nyumba ilivyokuwa.

Upo mfano wa kututia moyo. Ile zahanati ya kale iliyo karibu na bandari, yenye veranda za mbao zilizonakshiwa, ilianzishwa na tajiri Tharia Topan 1887, na mafundi kutoka Bara Hindi walishiriki kuijenga. Miaka ya 1980 ilikuwa imechakaa sana. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa upya, mbao kwa mbao. Wekeni picha za nyakati hizo tatu pamoja, nanyi mtaona kwamba safari ya jengo haiendi lazima upande mmoja, kutoka uzuri kwenda uharibifu. Huweza kurudi, wenyewe wakitaka.

Lakini picha pia hunyamaza, na kimya chake tukijue. Wapiga picha wa mwanzo walitumia vioo vilivyohitaji muda kupokea mwanga. Aliyesimama tuli alionekana, na aliyepita akifanya kazi yake aligeuka ukungu au alitoweka kabisa. Kwa hiyo zile njia zinazoonekana tupu hazikuwa tupu. Mchukuzi wa pembe za ndovu, mwanamke mwenye mtungi na mtoto aliyetumwa dukani wote walikuwapo, ila hawakuwa na nafasi ya kusimama.

Tena, wengi wa wapiga picha waliuza picha zao kwa wasafiri. Walielekeza mashine kwenye majumba ya wafalme na pwani. Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, walikoishi watu wengi wa mji huu, haikupigwa picha kwa wingi kama pwani. Mkono huo wa bahari ulikuwepo kweli, na jina la Darajani ni ushahidi wa daraja lililouvuka. Ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo penye maji pamekuwa barabara na viwanja. Picha ya kale ya Darajani ikiwekwa kando ya picha ya leo inaonyesha zaidi ya maji yaliyogeuka ardhi. Inaonyesha mpaka uliowatenga watu, na inatuuliza iwapo mpaka huo ulifukiwa pia mioyoni. Baada ya Mapinduzi ya 1964, majengo marefu ya Michenzani yalijengwa huko huko Ng'ambo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wageni huyaona mazito. Familia zilizopata humo umeme na maji ya bomba huyatazama kwa jicho jingine, nalo pia ni jicho la haki.

Wala tusiipambe jana. James Augustus Grant alipiga picha hapa Unguja 1860, na wakati huo soko la watumwa lilikuwa bado likiendelea. Lilifungwa 1873, na juu ya ardhi yake likajengwa kanisa tunaloliona Mkunazini. Anayesema mji wa zamani ulikuwa na amani kwa kuwa kuta zake zilikuwa nyeupe, amesoma kuta na hakusoma watu.

Ndugu zangu, sasa nije kwenye jambo linaloigusa nyumba hii ya ibada. Historia ya picha katika mji huu ni historia ya watu waliovuka bahari kama wazee wenu walivyovuka kutoka Kutch na Kathiawar. A. C. Gomes, aliyefungua mojawapo ya studio za mwanzo hapa, alikuwa Mgoa. Ndugu wa Coutinho pia walitoka Goa. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Katika studio hiyo walipita wakuu wa serikali, na walipita pia maharusi, wanafunzi, mama na watoto wao, na vijana waliovaa nguo zao nzuri za siku ya sikukuu, wa kila dini na kila rangi. Hapo watu wa kawaida walipewa nafasi ya kusimama tuli, nao wakaonekana.

Baada ya 1964 familia nyingi za asili ya Kihindi ziliondoka. Nyingine zilikwenda Dar es Salaam na Mombasa, nyingine Uingereza, India na kwingineko. Albamu zilisafiri, au zilibaki katika makabati ya nyumba zilizobadilisha wakaazi. Kwa hiyo kumbukumbu ya mitaa yetu imegawanyika. Nusu iko Leicester katika sebule ya mjukuu asiyejua Hurumzi iko wapi, na nusu iko hapa katika kichwa cha jirani mzee anayejua kila uso lakini hana picha hata moja. Wahenga walisema, lisilokuwapo machoni na moyoni halipo. Nusu hizi mbili zisipokutanishwa, zote mbili zitakufa, na kifo chake hakitasikika.

Basi naomba mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila familia itoe picha zake, izitazame pamoja na wazee, na iandike nyuma yake kwa penseli laini: nani, wapi, lini. Wino hupenya karatasi ya picha, na hewa yetu ya chumvi huuharakisha uharibifu. Picha isiyo na majina, akishafariki anayeyajua, inabaki kuwa sura tu.

La pili, msiulize majina ya waliokaa mstari wa mbele peke yao. Katika picha za sherehe za hekalu, wafadhili wameketi vitini. Lakini tazameni ukingoni: yuko mwashi aliyeshika kijiko chake, yuko mpishi, yuko mchukuzi wa maji, wako watoto wa jirani Waislamu waliokuja kuchungulia. Mikono yao imo katika kuta hizi. Waulizeni majirani majina yao, kwa sababu sisi ndio tuliobaki na majina hayo.

La tatu, kila mwaka siku kama ya leo, kijana mmoja wa hekalu na kijana mmoja wa mtaa wasimame pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, saa ile ile ya kivuli, wapige picha mpya. Wakiupiga mji kutoka baharini wahakikishe maji yamejaa au yamekupwa sawasawa na picha ya kwanza, kwani pwani ya maji makavu si pwani ya maji yaliyojaa, na mlinganisho usio sawa hudanganya. Baada ya miaka 20 mtakuwa na ushahidi usiopingika: ufa ulianza lini, mti ulikatwa lini, baraza lilivunjwa lini. Mbele ya baraza la mji au mbele ya fundi, ushahidi huo una nguvu kuliko malalamiko.

Mji unaoishi lazima ubadilike. Kinachopasa kutuhuzunisha ni kubadilika bila mtu wa kueleza ulikuwaje, na kwa nini, na kwa jasho la nani. Nawatakia heri katika maadhimisho haya, nanyi majirani zangu nawakumbusha kwamba kitabu hiki cha kumbukumbu ni chetu pia. Kikifunguliwa na wajukuu, wajikute wote ndani yake.